Nyota Zilizofichwa na Taa

Soma Ayubu 38:31 na Isaya 40:26. Ni nini kinachomzuia mwanadamu kuona yale ambayo Mungu ameyaweka juu yake?

Mtu akisimama usiku wa Januari kwenye roshani ya ghorofa jijini Dar es Salaam, huona nyota chache. Kilimia, kundi lililowajulisha wakulima majira ya kulima, huonekana kwa shida. Akishika darubini ya mkononi, nyota nyingi za kundi hilo hujitokeza. Mwaka 1610 Galileo alichapisha mchoro wa Kilimia wenye nyota 36, pale ambapo macho matupu huona sita au saba.

Darubini haikuziumba, zilikuwapo. Wala hazikufichwa na giza, bali na taa za jiji, ambazo zenyewe si mbaya.

Vivyo hivyo, si dhambi za wazi tu zinazomficha Mungu. Kazi, masomo na biashara, mambo mema, huweza kung'aa karibu mno na macho. Sabato inapoingia jua likizama, mwanadamu huitwa kuyaweka kando, apate kuinua macho.

Ni jambo gani jema maishani mwako linalokuzuia kumwona Mungu? Utafanya nini kabla ya Sabato ijayo?