Faharasa, Kumbukumbu na Sitara katika Kompyuta ya Nyumbani

Faharasa ya mafaili, yaani orodha ya maneno na mahali yanapopatikana ambayo kompyuta huitunga yenyewe wakati mtumiaji akishughulika na mambo mengine, hujadiliwa kwa kawaida kama suala la kasi tu: ikiwashwa, jibu huja papo hapo; ikizimwa, mashine hupumzika na betri hudumu, ila kila utafutaji hulazimika kupitia folda moja baada ya nyingine. Mjini Rumonge na katika vijiji vya mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ambako umeme hukatika na kompyuta moja huweza kuwa ya nyumba nzima, hoja ya betri ina uzito wake. Hata hivyo, nyuma yake lipo swali la kale zaidi: je, kilichohifadhiwa pasipo njia ya kukifikia kinakumbukwa, au kimesahauliwa?

Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini, alilikabili swali hilo katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alipoona kwamba mambo mengine humjia mtu mara anapoyaita na mengine humsumbua kwa muda mrefu, kisha akauliza ni vipi mtu hukitafuta alichokisahau, maana aliyesahau kabisa hatakitambua hata akikiona. Hoja hiyo inaigusa faharasa moja kwa moja, kwa sababu faharasa humsaidia yule tu ambaye tayari analo neno la kuandika. Hati ya shamba iliyopigwa picha kwa simu, na kuachwa na jina la tarakimu tupu ililopewa na kamera, haitatokea mjukuu anapoandika jina la babu yake, kwa kuwa faharasa ya kawaida ya Windows husoma jina la faili na maandishi yaliyochapwa, wala haisomi herufi zilizomo ndani ya picha. Hati ipo, lakini kwa mjukuu huyo ni kama haipo.

Rumonge jambo hili si nadharia. Uasi ulioanza tarehe 29 Aprili 1972 katika ukanda huu wa kusini, na mauaji makubwa yaliyofuata chini ya utawala wa Michel Micombero, yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, na ardhi yao, yakiwemo mashamba ya michikichi, ikaangukia mikononi mwa wengine. Wakimbizi waliporejea baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, migogoro ilipelekwa mbele ya tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, na aghalabu aliyekuwa shambani alionyesha karatasi ilhali aliyerudi alitegemea kumbukumbu za wazee. Nayo Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipewa na sheria ya mwaka 2018 jukumu la kuchunguza kuanzia 1885 hadi 2008, kipindi ambacho hakuna awezaye kukipekua ukurasa kwa ukurasa bila orodha. Kumwambia mdai kwamba kumbukumbu zake zipo mahali fulani, bila kumwonyesha mahali hapo, ni kumnyima haki kwa lugha ya upole.

Haifuati kutoka hapo kwamba kila kitu kiingizwe katika faharasa. Uislamu, wenye waumini wa tangu zamani mjini Rumonge, hufundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba malaika waandishi hawaachi tendo dogo wala kubwa, na kwamba waumini wamekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat kupelelezana. Kumbukumbu kamili ni ya Mungu. Mwanadamu ameagizwa sitara, yaani kuifunika aibu ya mwenzake. Wakatoliki nao wana siri ya kitubio, ambamo padri hulijua jambo na halitoi kamwe. Basi yeyote anayedhani kwamba kinachojulikana mbinguni sharti kijulikane pia sebuleni amechanganya daraja mbili.

Faharasa haina dhamira, humjibu yeyote aliyekaa mbele yake. Programu huheshimu mipaka ya akaunti, lakini nyumba yenye nenosiri moja haina mipaka hiyo, na mtoto anayetafuta somo la afya anaweza kuletewa majibu ya hospitali ya mama yake. Wala kuizima faharasa si kufuta: faili hubaki palepale, na mwenye subira atalifikia, hivyo anayeizima akijiona ametubu anajidanganya.

Kinachopaswa kuamua ni mwenye jambo, wala si kasi. Hati za ardhi, hesabu za mawese na ndagala na vyeti vya watoto ni mali ya nyumba nzima, hivyo zinastahili kupewa majina yanayoeleweka na kuingizwa katika faharasa, hasa baada ya ziwa kupanda miaka hii na kufurika katika nyumba za ufukweni, ambamo karatasi haina usalama. Siri ya mtu mmoja ikae katika akaunti yake yenye nenosiri lake, au walau katika folda iliyoondolewa kwenye faharasa. Windows na macOS zote huruhusu folda moja iachwe nje bila kuzima utafutaji wa nyingine, na mpangilio huo haufuti faili hata moja.