Kesho ya Farao

Katika kitabu cha Kutoka kuna jibu moja la Farao ambalo hunisimamisha kila ninapolifikia. Vyura wameijaza Misri. Wamo vitandani, mekoni, hadi kwenye vyombo vya kukandia unga. Musa anamwachia mfalme apange mwenyewe ni lini waondolewe. Ungedhani atasema sasa hivi. Yeye anasema kesho. Labda aliona heri kulala na vyura usiku mmoja zaidi kuliko kuonekana ana shida ya haraka na Mungu wa watumwa wake.

Tumezoea kusema shida hulainisha moyo. Kwa Farao ililainisha kweli, ila kwa muda wa shida tu. Mvua ya mawe iliponyesha alikiri kosa, akakubali kwamba Mungu ndiye mwenye haki. Ngurumo ziliponyamaza, akarudi palepale. Kilichomshinda mtu huyu si mapigo, ni nafuu. Mara kadhaa Kiebrania husema moyo wake ulikuwa mzito, na neno hilo lina uchungu wake Misri, nchi iliyoamini kwamba moyo wa marehemu hupimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, na ole wake mwenye moyo uliozidi uzito.

Kisha linakuja fundo lenyewe. Ni kweli Mungu alikwisha kumdokezea Musa mapema kwamba angeufanya mgumu moyo wa Farao, lakini katika mapigo matano ya kwanza tunasoma tu kwamba moyo wa Farao ulikuwa mgumu, au kwamba aliufanya mzito yeye mwenyewe. Ni katika pigo la sita, la majipu, ndipo tunaambiwa Mungu aliufanya mgumu. Je, ni haki kumwadhibu mtu kwa ugumu aliotiwa? Paulo, katika Warumi 9, analigusa swali hili wala halipozi. Mimi huona hukumu hapo ilikuwa kumwachia Farao kile alichokuwa amekishikilia siku zote.

Hata hivyo, usomaji huo haumfikii mjakazi aliyekaa nyuma ya mawe ya kusagia, wala mfungwa aliyekuwa gerezani. Wote wawili wametajwa katika simulizi la pigo la mwisho, na wazaliwa wao wa kwanza walikufa usiku uleule aliokufa wa Farao. Hao walimkatalia Musa nini? Watumishi wa mfalme walikwisha kumuuliza kama haoni kuwa nchi imeangamia. Ukaidi ulikuwa wa mtu mmoja, kilio kikawa cha kila nyumba. Hapa sina la kumtetea mtu.

Usiku huo Farao aliwaita Musa na Haruni, akawaambia waende na watu wao na mifugo yao, akaomba wambariki na yeye. Walipokwisha kuondoka, alitandika gari lake, akachukua magari bora 600, akawafuata.