Ndoana Tano, Mshipi Mmoja

Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uskochi, akawatia katika mto Gura, Kenya. Mpaka leo wapo wavuvi huko milimani wanaowahadaa kwa vinyoya vilivyofungwa kwenye ndoana mfano wa nzi, mara viwili au vitatu kwenye uzi mmoja.

Sisi wa Kaole, pwani ya Tanzania, hatuna trauti. Tuna vibua, na ujanja ni ule ule.

Mzee aliyenifundisha alifunga ndoana tano, kila moja na unyoya mweupe wa kuku, na chubwi chini. Chambo hakuna. Mimi nikaziona chache. Siku ya pili nikafunga kumi na mbili. Tukaipita mikoko, tukafika maji marefu, nikashusha mshipi. Kabla ya chubwi kufika chini, ndoana tatu zimenasa kikapu, moja shati langu, nyingine kidole gumba. Mzee hakucheka, afadhali angecheka. Akakata uzi kwa kisu: "Mwanangu, kila ndoana inataka jicho lake."

Akanirudisha kwenye mbili. Shibiri tatu kati yake, na uzi wa kila ndoana usizidi urefu wa kidole, maana ukirefuka hujisokota kwenye mshipi. Unainua mkono taratibu, unashusha, unasikiliza kwa kidole cha shahada. Kibua wa kwanza akinasa, usivute haraka: anavyotapatapa huwaita wenzake.

Ilinichukua kaskazi nzima kufika tano. Kumi na mbili sijafunga tena.