Punda Afe, Mzigo Ufike?

Farasi si mnyama wa kawaida katika nchi yetu. Mbung'o wa nyikani, na ule ugonjwa wa farasi uenezwao na visubi, vimemzuia asienee kama walivyoenea ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo, chini ya Mlima Meru, upande wa Usa River, wako watu wafugao farasi, na wageni huwapanda kwenda kutazama twiga na punda milia. Wenye kazi hiyo hukutana na swali walilokutana nalo wawindaji wa Ulaya tangu zamani: farasi kijana atolewe vipi kwa mara ya kwanza? Nyumbani amekwisha zoea tandiko na lijamu, naye ni mtulivu kabisa; lakini hajapata kuona twiga akitokeza ghafla nyuma ya mgunga.

Huko Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 2004 kukataza kuwinda mbweha kwa mbwa katika England na Wales, wawindaji waangalifu walikuwa na desturi yao. Siku ya kwanza farasi mchanga hakupelekwa kuwinda, bali kutazama. Alisimamishwa pembeni, karibu na farasi mzee asiyeshtuka upesi, akasikia baragumu na kelele za mbwa, kisha akarudishwa nyumbani mapema kabla hajachoka. Aliyempanda alikosa mawindo ya siku hiyo, naye alijua tangu asubuhi kwamba atayakosa.

Wasomaji wetu wengi hawana farasi. Lakini punda wanaye, au jirani yao anaye. Upande wa kaskazini na magharibi wa Meru, ambako mvua ni haba, kuanzia Oldonyo Sambu hata Ngare Nanyuki, punda ndiye achukuaye madumu ya maji, na ndiye apelekaye mahindi sokoni. Basi swali la farasi kijana ni swali la nyumba nyingi: mwana-punda anapotiwa kazini kwa mara ya kwanza, sisi tunamdai nini, naye anatudai nini?

Twasema "anatudai", na neno hilo hatukulitumia ovyo. Wako wasemao kwamba mnyama hawezi kumdai mtu kitu, kwa kuwa hana akili ya kufanya mapatano. Mtakatifu Thomasi wa Akwino mwenyewe, alipoeleza sababu ya kukatazwa ukatili kwa wanyama, alitaja hasa kwamba mtu azoeaye kumtesa mnyama atajifunza kuwatesa wenzake. Hayo ni kweli, na kila mwalimu wa watoto ameyaona. Walakini twaona kwamba sababu hiyo peke yake haitoshi. Kama ubaya wote ungekuwa katika moyo wa mpigaji tu, basi mtu mpole kwa mkewe na wanawe, akimpiga punda wake huko korongoni pasipo mtu kumwona, asingekuwa na kosa lo lote mpaka siku atakapomgeukia jirani. Nani kati yetu atakubali hivyo? Hofu ya yule punda ipo, hata kama moyo wa mwenyewe haukubadilika. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, pamoja na kukubali kwamba mtu anayo haki ya kuwatumia wanyama katika kazi zake, yafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, na kwamba binadamu wanawiwa kuwatendea kwa wema. Kuwiwa maana yake ni deni.

Sasa tuitazame siku yenyewe ya kwanza. Punda wa miaka miwili aonekana amekwisha kuwa mkubwa, na mwenye mahindi mengi huanza kumpima kwa macho. Kumbe mifupa yake bado yakua. Waganga wa mifugo hushauri asitwishwe mzigo kamili kabla ya kufika miaka minne hivi. Tena hofu yake haifanani na ya farasi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama kama kisiki, akitazama, akipima. Yasemekana tabia hiyo aliirithi kwa wazee wake walioishi katika nchi kavu za mawe za upande huu wetu wa Afrika, ambako punda alifugwa yapata miaka 7,000 iliyopita. Basi farasi mwenye hofu twamwita mwoga na kumwonea huruma, lakini punda mwenye hofu ile ile twamwita mkaidi, tukaokota fimbo. Fimbo yamhakikishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Siku ya pili hasogei kabisa. Siku ya tatu apiga teke, na hapo watu husema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Shukrani ya kitu gani?

Punda aliyekwisha pewa jina la ukaidi hana maisha marefu. Huuzwa huku na huku, na kwa miaka mingi njia yake iliishia machinjioni, kwa sababu ya ngozi ichemshwayo huko Uchina kufanya dawa, mpaka wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokubaliana mwezi wa Februari, 2024, kukataza uchinjaji huo. Kwa hiyo asubuhi moja iliyoharibika yaweza kuamua maisha yote ya mnyama, ingawa hakutenda neno ila kuogopa.

Twajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba hayo ni maneno ya watu waliokaa mezani. Mama wa Ngare Nanyuki hana miaka minne ya kungoja. Pasipo punda, mzigo utarudi mgongoni pake, au mgongoni pa binti yake apaswaye kuwa shuleni. Jibu hilo ni zito, wala hatulidharau. Mgongo wa mtoto ni bora kuliko mgongo wa punda, na asiyekubali hivyo amepotoka upande mwingine. Lakini haja ya mtu yampa haki ya kupata kazi. Haimpi haki ya kuipata kwa vitisho. Na mambo anayohitaji mwana-punda katika siku zile za kwanza hayana gharama ya fedha. Apelekwe njia fupi. Avikwe matandiko matupu kwanza, ajue yanavyosugua. Atangulizwe mama yake, au punda mkubwa alijuaye soko. Na kama haja ya siku hiyo ni kubwa mno, basi mzigo ugawanywe, naye mwenye punda achukue sehemu yake. Wako wanawake wa Kiarusha na wa Kimasai wafanyao hivyo tangu zamani bila kufundishwa na gazeti.

Wainjili Marko na Luka watuambia kwamba mwana-punda aliyempeleka Bwana wetu Yesu Kristu Yerusalemu alikuwa hajapandwa na mtu ye yote. Fikirini siku ya kwanza ya namna gani: makelele ya umati, nguo zimetandazwa njiani, matawi mbele ya macho! Mathayo peke yake ndiye asemaye kwamba mama yake aliletwa pamoja naye. Wataalamu wa Maandiko hulieleza neno hilo kwa unabii wa Zakaria, na hatubishani nao. Ila mfugaji wa Meru akilisikia likisomwa Jumapili ya Matawi hatahitaji maelezo.

Limebaki neno moja kwa wasio na punda. Zamani mwana-punda alijifunza kazi katika njia ya vumbi. Leo, akienda soko la Ngaramtoni, lazima afike kwenye barabara kuu iendayo Namanga, penye malori, mabasi na pikipiki. Mwenyewe aweza kumzoeza shamba na mto kwa subira yote, kisha honi moja nyuma ya masikio yake ikaiharibu kazi ya mwezi mzima. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtendea mnyama ukatili, lakini hakuna askari atakayesimama kila kona kusikiliza honi. Dereva amwonaye punda mdogo amesimama katikati ya njia, masikio juu, na mama ameshika kamba, apunguze mwendo, angoje dakika mbili. Atavuka.