Jeraha na Dhuluma

Neno la Kiingereza "injury" hufasiriwa katika skuli zetu kwa neno "jeraha", na wengi hutosheka na tafsiri hiyo. Walakini asili yake ni Kilatini, "injuria", yaani jambo lililotendwa kinyume cha haki. Damu haimo katika asili hiyo. Mtu aliyenyimwa urithi wake, na ngozi yake isichubuke, kwa maana ya kale amepatwa na "injury". Karne zikapita, na neno likashuka mpaka likawa ni mguu uliovunjika ngazini, ambapo hapana aliyemdhulumu mwenziwe. Sisi tunayo maneno mawili mbalimbali, na yote mawili tumeyapata katika Kiarabu: jeraha ni la mwili, dhuluma ni ya haki.

Tofauti hii si mchezo wa maneno. Tazama yaliyotokea Eldoret baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji huo, lilitiwa moto, na ndani yake mna watu waliokimbilia usalama, aghalabu wanawake na watoto. Maelfu wakalala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho. Mwezi wa Mei serikali ilianza kuwarejesha makwao, na ikaweka shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Washitakiwa wanne wa Kiambaa waliachiliwa na Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2009 kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Kesi iliyofika The Hague nayo ikakomeshwa tarehe 5 Aprili 2016.

Majeraha yalitibiwa. Hasara ililipwa kidogo, kwa yule iliyemfikia. Dhuluma je? Shilingi za serikali haziigusi, kwani aliyetia kiberiti ni mtu mwingine, naye hajanena. Wala mahakama ikikosa ushahidi, haki ya aliyeungua haikufutika.

Imamu Ghazali katika Ihyaa ameeleza kuwa toba ya haki za waja haitimii kwa istighfari peke yake: haki irudishwe, na mwenyewe aombwe radhi. Na Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha na mtu ajaye Siku ya Kiyama na sala na saumu zake, zikagawiwa aliowatukana na kuwapiga, mpaka akafilisika. Asiseme mtu kwamba wale wa Kiambaa hawakuwa Waislamu; Mtume amesema yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wa amdhulumuye asiye Mwislamu aliye katika ahadi.

Wako wa pwani wasemao hayo ni mambo ya bara. Basi na kaka alaye fungu la dada yake katika nyumba ya baba yao, kisha akamlipia dawa anapougua na kusema "tumekwisha sikizana", huyo naye ni wa bara?

Viongozi walipeana mikono na kuwahimiza raia wasahau. Ni nani aliyewapa uwakala wa kusamehe? Haki ya aliyekufa iko kwa warithi wake, na miongoni mwao wamo wangali hai, na nyumba zao zajulikana.