SHAMBA LA MJANE

Bwana wetu alitupa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara akidai haki yake. Wajane wa namna hiyo wangalipo katika parokia zetu. Mume akiisha kuzikwa, ndugu zake, ambao pengine ni Wakristu wa kila Dominika, hulitwaa shamba. Naye mjane hunyamaza, maana hana fedha ya wakili.

Asinyamaze. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yawafungulia maskini wa Tanzania Bara njia ya kusaidiwa bila malipo. Msaidizi wa kisheria humweleza mtu haki zake, humsaidia kupata hati, na kumwonyesha baraza linalohusika. Kumsimamia mahakamani ni kazi ya wakili.

Mtakatifu Ivo, padre wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1303, aliwatetea maskini hukumuni pasipo kudai ujira. Sisi si mawakili, lakini twaweza kumsindikiza mjane hata kwa msaidizi huyo. Debe la mahindi tumpalo ni sadaka njema. Shamba lake si sadaka, ni haki. Naye aliyelitwaa na ajue ya kuwa kuungama pasipo nia ya kulirudisha hakumfai kitu.