Mkibeba Vinywaji Melini, Vibebeni Waziwazi

Wanangu mnaoishi Houston na miji ya jirani, likizo zinakaribia na nasikia mmeanza kuchangishana nauli za meli za kitalii zinazotoka Galveston kwenda Cozumel na Costa Maya. Nimefurahi. Watu wetu wengi walifika nchi hii wakafanya kazi mbili kwa siku mpaka mgongo ukapinda, na bahari waliyoiacha Mombasa, Tanga au Unguja wakabaki kuiona kwenye televisheni. Waliotoka Goma na Bukavu waliacha ziwa. Nendeni mkapumzike. Lakini liko swali linalowagombanisha kila mkikaa kupanga safari: vinywaji tubebe vyetu, au tukanunue humo humo?

Jawabu langu ni hili: bebeni, na mbebe kile tu ambacho hamtaona haya kukitoa mkobani mbele ya mlinzi wa lango. Yote mengine nitakayosema yanatoka hapo.

Asiwaambie mtu kwamba kubeba ni uchoyo. Bei za vinywaji melini ni kubwa, na juu ya bei huongezwa bahashishi ya asilimia 18 hadi 20 hata kabla hujaishika bilauri. Mzazi mwenye watoto watatu wanaopenda soda ataona uchungu siku ya kuletewa hesabu. Kuweka akiba ya namna hiyo ni busara, na kampuni zenyewe zimeacha nafasi ya kufanya hivyo.

Kwanza mjue mnachopewa bure. Kwa kawaida nauli yenu imeshalipia maji ya kunywa, chai, kahawa ya kawaida, limonadi, na maji ya matunda wakati wa kifungua kinywa. Soda hulipiwa, na pombe hulipiwa. Sasa wengi hujitwisha katoni za maji kwa kuogopa maji ya meli. Hofu hiyo naielewa kwa mtu aliyekulia mahali palipopita kipindupindu, lakini hapa haina msingi. Meli hutengeneza maji yake kutoka baharini, ama kwa kuyageuza mvuke na kuukusanya, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu kwenye chujio linalozuia chumvi, kisha huyatia klorini. Idara ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, imekuwa na mpango wa kukagua usafi wa meli hizi tangu miaka ya 1970. Wakaguzi huingia bila kutoa taarifa, na meli hupewa alama kati ya 100. Ikipata 85 au chini yake imefeli, na matokeo hutangazwa kwa umma. Bebeni chupa tupu, mkajaze humo.

Kuhusu soda na juisi za dukani, kila kampuni ina sheria yake, na hapa ndipo vijana wanapokosea kwa kufuata alichosimuliwa na rafiki aliyepanda meli nyingine. Carnival humruhusu kila abiria makopo au paketi 12 za vinywaji visivyo na kilevi, kila kimoja kisizidi aunsi 12, yaani mililita 355 hivi. Chupa zenye vinywaji hivyo hawazitaki, hata za maji, tangu mwaka 2015, kwa sababu watu walikuwa wakimwaga kilichomo na kutia pombe kali. Royal Caribbean nao huruhusu vinywaji 12 kwa kila mtu, na kwao chupa za ukubwa wa kawaida zinapita. Norwegian hukataa soda na juisi, ila maji yaliyofungwa kiwandani huyaruhusu. Hizi ndizo taratibu ninazozijua, nazo hubadilishwa bila kumngoja mtu. Kwa hiyo someni maelezo ya kampuni yenu yanayohusu tarehe yenu ya safari. Na vinywaji hivi hupitishwa siku ya kwanza ya kupanda, kwenye mkoba wa mkononi. Mkivitia kwenye sanduku kubwa mnalomkabidhi mchukuzi, mtavitafuta.

Neno hili ni la akina mama hasa. Najua mtataka kubeba juisi ya ukwaju, ya ubuyu, au tangawizi mliyoichemsha wenyewe. Msijisumbue. Mlinzi hana namna ya kujua kilichomo kwenye chupa iliyokwisha kufunguliwa, na kazi yake haimruhusu kuonja. Juisi itamwagwa mbele ya watoto, nanyi mtaingia safarini na kinyongo. Chai ya thamosi nayo inywe njiani, maana kutoka Houston mpaka Galveston ni mwendo wa kilomita 80 tu. Bebeni majani makavu ya chai na masala kwenye paketi ambazo hazijafunguliwa. Maji ya moto mtayapata usiku na mchana kwenye ukumbi wa chakula. Birika la umeme liacheni nyumbani. Kila chombo cha kupasha moto kinachopatikana kwenye masanduku huzuiwa, na sababu ni moto. Katikati ya bahari hakuna gari la zimamoto wala barabara ya kukimbilia.

Mwenye mtoto anayenyonya chupa abebe maziwa yake bila wasiwasi, na mgonjwa vilevile abebe kinywaji alichoandikiwa na daktari. Mkisafiri na mzee anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua, itahitaji maji maalumu yaliyokenekwa. Iandikieni kampuni mapema, wiki kadhaa kabla ya safari. Baadhi yao huyaweka chumbani kabla hamjafika. Wazazi wetu hawapendi kusema shida zao. Waulizeni nyinyi.

Nije kwenye pombe. Mimi si shehe wa kuwahukumu, na humu miongoni mwenu wapo wanaokunywa na wasiokunywa. Anayekunywa ajue kwanza kwamba meli zinazotoka bandari za Marekani hufuata umri wa miaka 21. Hata kama kwenu Nairobi au Dar es Salaam ulihesabiwa mtu mzima ulipotimiza 18, hapa hiyo haisaidii. Mwenye umri huo anaweza kubeba chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 akiwa na Carnival au Royal Caribbean, siku ya kupanda, ikiwa haijafunguliwa. Akitaka kuinywa kwenye mkahawa wa meli hutozwa ada ya kufungua chupa, dola 15. Norwegian humruhusu kupita na mvinyo akilipa ada hiyo palepale langoni. Disney ni wakarimu zaidi: mtu mzima hupita na chupa mbili za mvinyo au bia sita, mwanzo wa safari na tena katika kila bandari. Pombe kali hakuna anayeiruhusu kati ya hao wanne. Konyagi, wiski, vodka, vyote vibaki nyumbani.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana najua yanayofanyika. Zipo siku hizi chupa za bandia zilizoumbwa mfano wa chupa za mafuta ya nywele na dawa za kusukutua kinywa, na mifuko ya plastiki inayojazwa pombe na kufichwa katikati ya nguo. Wanaoiuza husema mashine za ukaguzi haziioni. Sisi wa rika langu tunavikumbuka viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyokuwa vikiuzwa Tanzania mpaka serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kifuko kile kiliingia mfukoni mwa kijana bila mzazi kujua, dereva akapanda nacho kwenye basi, mwanafunzi akaingia nacho darasani. Madhara yake tuliyazika wenyewe. Pombe ikishafichwa, hakuna tena mtu wa kumwambia mnywaji kwamba leo imetosha.

Na melini mtu wa kusema imetosha anahitajika kuliko mahali pengine popote. Mhudumu wa baa anaona ulichokunywa. Hata wenye vifurushi vya vinywaji vya Carnival huwekewa kikomo cha vinywaji 15 vya kilevi kwa siku, na mimi naona hata hicho ni kikubwa mno. Anayejifungia chumbani na mfuko wa vodka hana mhudumu wala kikomo, na nje ya mlango wake kuna roshani juu ya bahari. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ya usalama wa meli hizi inataka kingo za sitaha ziwe na kimo kisichopungua inchi 42, yaani sentimita 107 hivi. Mtu mwenye akili zake si rahisi aanguke kwenye kingo ya kimo hicho. Mlevi anayeipanda ili apigwe picha anaweza.

Msidhani pia kwamba aibu yake itaishia kwako peke yako. Sanduku lililoshukiwa halifiki chumbani. Utaitwa kwenye chumba cha walinzi ukalifungue mbele ya watu usiowajua, huku mke wako na watoto wakingoja na nguo walizopanda nazo. Anayesafisha chumba chako kila siku ataziona chupa. Wengi wa wafanyakazi hawa ni vijana kutoka Ufilipino, India na Indonesia, na siku hizi wamo Wakenya, waliowaacha watoto wao kwa miezi mingi ili wawasomeshe. Ukimwomba akunyamazie, unamwomba aiweke kazi yake rehani kwa ajili ya glasi zako mbili. Hilo si la kumfanyia mtu anayetafuta kama ulivyotafuta wewe.

Kisha kuna jambo la karatasi, ambalo wengi wenu hamjalifikiria kabisa. Mkataba wa safari unampa nahodha mamlaka ya kumteremsha abiria aliyevunja taratibu, na kurudi nyumbani ni kwa gharama ya abiria huyo. Raia wa Marekani anaruhusiwa kupanda meli inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani akiwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, bila pasipoti. Vijana wengi mliozaliwa hapa mnasafiri hivyo kwa kubana matumizi. Sasa ukiteremshwa Cozumel, utapandaje ndege ya kurudi Houston bila pasipoti? Itabidi utafute ubalozi mdogo, uombe hati ya dharura, ulale hotelini kwa fedha zako. Na wewe uliyekuja kama mkimbizi, unayesafiri kwa hati maalumu, mambo yako yatakuwa mazito zaidi. Familia iliyongoja miaka kambini Nyarugusu au Kakuma mpaka ikapata hifadhi isiingizwe kwenye maswali ya maofisa wa mpakani kwa sababu ya mfuko wa pombe. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu naipenda amani mliyoipata.

Liko lingine dogo lakini linauma. Kwa kuwa kila mtu mzima ana haki ya chupa moja ya mvinyo, wapo wanaowaomba binamu zao wasiokunywa wawapitishie ya pili na ya tatu. Msimfanyie hivyo Mwislamu, wala Mlokole, wala yeyote ambaye dini yake inamkataza. Yeye ataona haya kukukatalia mbele ya wenzenu, ataibeba, na safari nzima moyo wake hautatulia. Heshima ya ndugu ina thamani kuliko chupa. Nawe unayeombwa, una ruhusa yangu ya kukataa, na atakayenuna mleteni kwangu.

Kwa sababu hiyohiyo mpime kabla ya kununua vifurushi vya vinywaji. Carnival na Royal Caribbean hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi cha pombe iwapo mmoja wao amenunua. Mume akinywa na mke asinywe, mnalipia viwili. Hapo chupa yake moja ya mvinyo na makopo yenu ya soda vinaweza kutosha kabisa.

Isipokuwa ile ya ruhusa ya Disney niliyoitaja, pombe mtakayonunua bandarini itachukuliwa mnaporudi kupanda, mtapewa stakabadhi, na mtarudishiwa mwisho wa safari. Msigombane na mlinzi kwa hilo. Mkifika Galveston, mwenye miaka 21 au zaidi husamehewa ushuru wa serikali kuu kwa lita moja, lakini Texas ina kodi yake kwa pombe inayoingia jimboni, na maofisa wake wapo palepale kwenye jengo la abiria kuikusanya. Msamaha wa serikali kuu haufuti kodi hiyo, na aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuingiza hata chupa moja. Wekeni fedha kidogo pembeni, semeni mlichobeba kabla hamjaulizwa, lipeni, mchukue risiti.

Basi wiki hii fungueni mkataba wa safari, kila nyumba na wake, msome sehemu ya vinywaji mpaka mwisho. Mkikuta neno ambalo hamkulielewa, nileteeni tulisome pamoja kabla ya siku ya safari, kwa sababu pale langoni, na maelfu ya watu kwenye foleni, hakuna atakayepata nafasi ya kuwaeleza.